Kikombe Kilichopinduliwa na Chai Yake

Thirza Clewlow alisimama mbele ya nyumba ya akina Tunnicliffe mjini Longton, Uingereza, Jumapili saa kumi alasiri, akakataa kupiga hatua nyingine.

“Sema tena,” alimwambia Ellis.

“Niseme nini?”

“Ulichoniahidi kwenye basi.”

Ellis Tunnicliffe alivua kofia kana kwamba yumo kanisani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mwenye vidole virefu vya fundi wa kutia dhahabu kwenye kingo za vikombe na macho ya kijivu yaliyomkosesha Thirza usingizi tangu Pasaka. “Mama mwenyewe atakukaribisha nyumbani kwake. Kwa kinywa chake, si kwa kinywa changu. Asipofanya hivyo, utarudi Burslem, nami sitakulazimisha.”

“Na pete?”

“Utanirudishia.” Alilitamka neno hilo kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

“Nitakurudishia, kisha nitalia mpaka Krismasi. Lakini siingii katika ukoo wa watu kwa kujipenyeza kama panya. Umemwona dada yangu Ivy. Mwaka wa tano huu, mama mkwe wake anampakulia chakula bila kumtazama usoni. Mimi siwezi, Ellis. Nakupenda, ila siwezi.”

Ellis alimtazama. Moshi wa tanuri siku hiyo ulikuwa mzito kiasi kwamba shomoro walikuwa wakitembea kwa miguu, lakini kwa Ellis ilikuwa kama mtu amefungua pazia. Aliyaona madoa ya rangi ya buluu kwenye kucha za mchumba wake, yale ambayo sabuni haikuyaweza, akatamani kuyabusu moja moja.

Walikuwa wamekutana Hanley, kwenye karamu ya waimbaji wa kanisa. Kila mmoja alikuwa ameinama kutazama chini ya sahani ileile, na vichwa vyao vikagongana. Watu wa miji yetu ya viwanda vya vyombo ndivyo tulivyo. Ukitukaribisha chakula, kwanza tunageuza sahani tusome chapa ya kiwanda, ndipo tunauliza kuna nini cha kula.

Kilichowatenganisha kilikuwa udongo. Akina Tunnicliffe walikuwa watu wa kauri, ile nyembamba ya Longton ambayo ukiiinua mbele ya taa unaona kivuli cha vidole vyako. Akina Clewlow walikuwa watu wa vyombo vya udongo wa Burslem: mabakuli, majagi, sahani nzito ambazo mke anaweza kumpiga nazo mumewe na kisha akampakulia viazi humohumo. Maili sita tu kati ya miji hiyo miwili. Lakini ungemsikia Euphemia, shangazi yake Ellis, akizungumza, ungedhani katikati kuna bahari yenye papa.

Mlango ukafunguka. Alisimama hapo Bi. Lavinia Tunnicliffe, mama yake Ellis, mjane wa miaka hamsini na miwili, mrefu, amevaa nguo nyeusi iliyofungwa vifungo mpaka kidevuni. Alimtazama Thirza, si usoni bali mikononi, kisha akasema neno la kwanza ambalo msichana huyo alilisikia kutoka kwake.

“Futeni viatu.”

Thirza alivifuta mpaka soli zikalalamika.

Sebule ya mbele ilikuwa imefunguliwa, ile inayofunguliwa kwa misiba na kwa mchungaji. Mezani palikuwa na samoni wa kopo, mkate uliopakwa siagi, mabua ya figili kwenye bilauri, na keki ambayo bado haijakatwa. Kwenye kiti chenye mikono alikaa Shangazi Euphemia, dada mkubwa wa marehemu baba yake Ellis. Hakuwahi kuolewa kwa sababu, kama alivyopenda kusema mwenyewe, hakupata mwanamume asiye na ufa.

“Huyu ndiye?” aliuliza.

“Ndiye, Shangazi,” Ellis alijibu. “Anaitwa Thirza.”

“Nimesikia anavyoitwa. Nilikuwa nauliza kama ndiye.” Alimwonyesha Thirza kiti kwa kidole. “Kaa hapo, nione. Unafanya kazi chumba cha rangi, naambiwa.”

“Ndiyo, Bi. Euphemia. Mwaka wa tisa huu.”

“Unachora nini?”

“Majani, matunda, maua. Wiki iliyopita jogoo.”

“Jogoo,” alirudia Shangazi Euphemia, kama mtu aliyeonyeshwa mende. “Basi leo utakunywa kwenye kitu kisicho na jogoo. Mimi ndiye niliyeamuru vitolewe. Lavinia alitaka kutuwekea vikombe vya kila siku. Nikamwambia, la, acha binti wa Burslem aione kauri ya kweli angalau mara moja.”

Kwa mara ya kwanza Thirza aliviona vikombe hivyo. Vilikuwa sita, vyeupe, vyembamba kama ganda la yai, na juu yake matawi ya waridi mwitu yaliyochorwa kwa wepesi ambao ulimfanya asahau kupumua. Bi. Lavinia alikuwa akivipanga kimoja baada ya kingine juu ya visahani vyake, taratibu, kama anayevizika.

“Ni vizuri sana,” alisema Thirza, na alimaanisha.

“Udongo ni udongo na kauri ni kauri,” alisema Shangazi Euphemia.

“Kweli kabisa. Ila kauri ya Longton nusu yake ni mifupa ya ng’ombe iliyochomwa. Sisi wa Burslem angalau hatunywi chai ndani ya ng’ombe.”

Ellis alipaliwa na mkate. Thirza akajilaumu papo hapo. Alikuwa ameapa njia nzima kwamba ataufunga ulimi wake, na sasa ulimi ndio huo umeshafika mezani kabla yake. Lakini alipoinua macho aliona ajabu: pembe ya mdomo wa Bi. Lavinia ilikuwa imecheza kidogo, kisha ikarudi mahali pake.

“Ellis,” alisema Shangazi, “mchumba wako ana ulimi.”

“Anao, Shangazi. Ndio ulionivuta.”

“Haya. Kwa kuwa ni mjuzi, atazame ile.” Alinyoosha mkono kuelekea ukutani, ambapo sahani kubwa ya buluu ilitundikwa mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya babu. “Babu wa babu yangu alikula nyama kwenye sahani ile siku habari za ushindi wa vita vya Waterloo, mwaka elfu moja mia nane na kumi na tano, zilipofika mjini. Kwenu Burslem mna kitu kama hicho?”

“Naweza kuigeuza?”

“Kuigeuza kwa nini?”

“Kuitazama sahani usoni tu ni kama kumsalimu mtu bila kumuuliza jina.”

Chini ya meza, mguu wa Ellis uligusa wake kwa onyo. Akachelewa. Thirza alikuwa ameshasimama, ameishusha sahani kwa mikono miwili na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Imeandikwa jina la kiwanda,” alisema, “na chini yake neno England.”

“Ulitaka iandikwe Uchina?”

“Hapana, Bi. Euphemia. Ila viwanda vyetu havikuwa na desturi ya kuliandika neno hilo wakati wa Waterloo. Lilienea mwaka elfu moja mia nane tisini na moja, Wamarekani walipotaka kila chombo kinachoingia kwao kitaje nchi kilikotoka. Zamani kidogo ya hapo ungeona alama yenye umbo la almasi na herufi kwenye pembe zake, inayokuambia mpaka mwezi ambao mchoro uliandikishwa. Hii haina almasi. Hii ina England.”

“Kwa hiyo?”

Thirza alitafuta namna ya upole ya kulisema, akaikosa. “Kwa hiyo babu wa babu yako aliila nyama ile akiwa na miaka kama mia moja na thelathini. Sijui kama alikuwa na meno.”

Shangazi Euphemia aligeuka rangi ya zambarau, kisha ya krimu, kisha akarudi kwenye zambarau. Ellis alikuwa akitazama samoni. Lakini aliyemshtua Thirza ni Bi. Lavinia. Mama huyo alikuwa ameshika buli hewani bila kumimina, na uso wake umepauka kama chombo ambacho hakijatiwa rangi.

“Anajua kusoma chapa,” alisema Bi. Lavinia polepole.

“Anajua kutukana wafu,” alisema Shangazi Euphemia. “Mimina chai, Lavinia, tumalize.”

Chai ikamiminwa. Thirza aliirudisha sahani ukutani, akaketi. Pete ilikuwa inamwasha kidoleni. Alijua ameshindwa. Bi. Lavinia alikuwa hamtazami kabisa sasa, na kisahani alikisukuma mbele yake upesi, kwa kitu ambacho Thirza alikisoma kuwa ni chuki. Alifikiria basi la kurudi. Alifikiria namna atakavyoivua pete bila Ellis kuona kidole kinavyokataa.

“Nani alivichora vikombe hivi?” aliuliza, kwa sababu mtu lazima aseme kitu.

“Fundi mkubwa,” alijibu Shangazi Euphemia, na sauti ikarudiwa na uhai. “Mtu aliyechora vyombo vya nyumba za watawala. Marehemu kaka yangu Reuben alimfahamu, akamwomba amchoree seti ya harusi yake. Fundi hakukubali kuweka jina. Aliweka alama ya siri tu, basi. Nimewaonyesha wachungaji watatu, na wote wamekiri kwamba hawajapata kuona mkono kama huo.”

Thirza aliinua kikombe chake. Alikuwa akitazama nyuki mdogo aliyechorwa karibu na mshikio, mbawa zake zimewekwa kwa mguso mmoja wa brashi, mguso ambao hata msimamizi wake hawezi. Alitaka kujua. Mkono wa mtu wa Burslem hauombi ruhusa. Ukakigeuza kikombe, juu chini, na chai yake ndani.

Chai ya moto ilimwagika juu ya kitambaa cha meza, juu ya sketi yake, juu ya samoni. Ellis aliruka. Shangazi Euphemia alisogeza kiti nyuma. Thirza hakusogea. Alikuwa ameketi na kikombe kimepinduliwa hewani, chai inamtiririkia magotini, anatazama vistari vitatu vya buluu na nukta moja, kama unyayo wa kuku aliyekanyaga wino.

Ilikuwa alama yake mwenyewe.

Kila mwanamke wa chumba cha rangi ana alama yake, huiweka chini ya kila anachokichora, ili msimamizi ajue amsifu nani na amkaripie nani. Na alama hizo hazifi. Msichana akiondoka, hupewa mwingine pamoja na kiti chake. Thirza alikumbuka siku aliyopewa yake, akiwa na miaka kumi na mitano. Msimamizi alimwambia, “Hii ilikuwa ya msichana wa meza ya dirishani. Mkono mwepesi kuliko yote niliyopata kuiona. Aliondoka Ijumaa moja, Jumatatu hakurudi. Miaka ishirini na miwili nimeiweka bila kumpa mtu. Usiichafue.”

“Pole, bata wangu, umeungua?”

Aliyesema hivyo alikuwa Bi. Lavinia. Alikuwa amepiga magoti, anabonyeza kitambaa kikavu juu ya mkono wa Thirza. Mjini Burslem kila mtu huitwa bata, awe mchumba au muuza samaki. Lakini Ellis hakuwa amewahi kumsikia mama yake akilitumia neno hilo, hata kwake yeye, mwanawe wa pekee. Shangazi Euphemia aliinua nyusi zote mbili.

Thirza alikuwa amehisi kitu kwenye mkono uliomshika: sugu ndogo, ngumu, pembeni mwa kidole cha mwisho. Hapo ndipo mchoraji anapouegemeza mkono juu ya chombo, siku nzima, mwaka baada ya mwaka. Naye alikuwa nayo, mahali palepale.

Macho yao yakakutana. Thirza aliona hofu iliyokuwa imejificha nyuma ya vile vifungo vyote, na mara akaelewa. Mama huyu hakumchukia. Mama huyu alimwogopa. Hakutaka msichana wa Burslem aletwe ndani ya nyumba hii kwa sababu msichana wa Burslem angegeuza kikombe.

“Nipe nikifute,” alisema Ellis, akakichukua kikombe. Akakitazama. Mapenzi humfanya mtu mpumbavu, na Ellis alikuwa anapenda kweli. “Thirza, hii si alama yako? Tazama. Vistari vitatu na nukta. Ninayo chini ya jagi ulilonipa.”

“Lete hapa,” alisema Shangazi Euphemia.

Alikisogeza kikombe karibu na miwani, kisha mbali, kisha karibu. Ungeweza kuliona wazo likipanda usoni mwake ngazi kwa ngazi.

“Kwa hiyo,” alisema, “alama ya fundi aliyechora vyombo vya nyumba za watawala, huyu anaiweka chini ya majogoo.”

“Shangazi, subiri.”

“Nyamaza, Ellis. Ni wizi huu. Ameiona mahali, akaiiba, anauzia mabakuli yake. Ndiyo maana alitaka kujua nani alivichora, ahakikishe mwenye alama ameshakufa. Kesho asubuhi napanda basi mpaka kiwandani kwao. Nitamwonyesha mwenye kiwanda kikombe hiki, na tuone kama atakuwa na kiti cha kukalia saa sita mchana.”

“Thirza,” Ellis alisema, “mwambie uliipataje.”

Ilikuwa rahisi. Sentensi moja tu: nilipewa, ilikuwa ya msichana aliyeondoka miaka thelathini na mmoja iliyopita kwenda kuolewa. Shangazi Euphemia alijua kuhesabu. Mwaka wa harusi ya kaka yake aliujua vizuri kuliko siku yake ya kuzaliwa. Thirza angetoka safi, kazi yake ingebaki, na mwanamke aliyempigia magoti ndiye angebaki mezani avuliwe nguo mbele ya mwanawe.

Alimtazama Bi. Lavinia.

“Sina la kusema,” alisema Thirza. “Alama zinafanana. Nilidhani ni yangu peke yangu, kumbe siyo. Kama Bi. Euphemia anaona ni wizi, basi na aende kiwandani.”

“Umemsikia,” alisema Shangazi.

“Ulinionyesha sahani,” Thirza aliendelea, sauti yake imeshuka, “nami nikakuaibisha mbele za watu. Lile lilikuwa kosa langu. Naomba radhi. Hili la kikombe sitalifanya.” Alivuta pete. Kidole kilikataa, kama alivyojua. Alivuta tena, ikatoka, akaiweka juu ya kitambaa kilicholowa, karibu na mkono wa Ellis. “Ellis, nilikuambia masharti yangu barabarani. Usiyalaumu.”

Ellis aliitazama pete, akamtazama Thirza, na katika macho yale ya kijivu hapakuwa na upumbavu tena. Akasimama.

“Mama, nakupenda,” alisema. “Lakini huyu simwachi apande basi peke yake leo, wala kesho. Aliniambia nisimlazimishe, nami sitamlazimisha. Nitakaa nje ya mlango wao Burslem mpaka anichoke.”

“Umesahau kofia,” alisema Bi. Lavinia.

“Ibaki.”

“Keti, Ellis. Thirza, keti nawe. Sketi yako imelowa, utapata mafua.” Alisimama, akafungua kifungo cha juu kabisa cha nguo yake, kile cha kidevuni, akavuta pumzi. “Euphemia, huna haja ya kupanda basi. Mwizi unayemtafuta yumo humu ndani. Ameishi na wewe miaka thelathini na mmoja.”

“Unasema nini?”

“Nasema alama hiyo ni yangu.”

Saa ya ukutani ililia. Hakuna aliyeisikia.

“Mliambiwa mimi ni binti wa muuza kofia kule Newcastle. Sijapata kuuza kofia maishani. Nilikuwa Lavinia Machin, wa Burslem, chumba cha rangi, meza ya dirishani. Nilichora majogoo, Euphemia. Nilichora majogoo mengi kuliko kuku wote wa kaunti hii.”

“Reuben aliniambia.”

“Reuben ndiye aliyetunga. Baba yenu alikuwa amesema ataikata mikono yake kabla hajamkaribisha mtu wa vyombo vya udongo. Nasi tulikuwa tunapendana, tungefanya nini? Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Hii yetu ilikwenda miaka thelathini na mmoja, na miguu inaniuma.”

“Na vikombe?” Ellis aliuliza kwa sauti ndogo.

Uso wa Bi. Lavinia ulibadilika. Kwa muda mfupi Thirza alimwona yule msichana wa dirishani, akiwa na miaka ishirini na mmoja, na rangi kwenye kucha.

“Baba yako aliniletea vyeupe, visivyo na kitu. Nilivichora jikoni kwa shangazi yangu, Jumapili kumi na moja, baba yako ameketi anakula peremende na kunisomea gazeti. Akavichomesha kwenye tanuri lao bila mtu kujua. Vilipotoka nikavigeuza. Vyote sita vilikuwa na alama ya Burslem. Mkono ulizoea. Sikumbuki hata nilipoiweka. Nililia, Ellis. Nikasema nivivunje. Baba yako alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema, hivi havivunjwi, tutasema ni fundi mkubwa asiyetaka kujulikana. Akasema si uongo.”

Aligeuka kwa Thirza. “Ulijua.”

“Nilipoigusa sugu yako.”

“Ukanyamaza. Ungepoteza kazi na mwanaume kwa siku moja.”

“Siri haikuwa yangu.”

Shangazi Euphemia alikuwa bado ameshika kikombe. “Nimewaonyesha wachungaji watatu,” alisema, kwa sauti ya mtu anayeona nyumba yake ikichukuliwa na maji. “Nimemwonyesha mke wa daktari.”

“Na wote wakasema nini?”

“Lavinia.”

“Nakuuliza. Wakasema nini?”

“Wakasema hawajapata kuona mkono kama huo.”

“Basi sasa sema vikombe ni vibaya,” alisema Bi. Lavinia. Hakuwa na hasira. Alikuwa amesimama wima, mzuri, kifungo kimefunguka. “Vitazame. Ni vilevile vya saa kumi alasiri. Kama maua hayo yamenyauka kwa sababu yamechorwa na mtu wa Burslem, sema, na mimi nitavitupa uani mbele yako. Kama hayakunyauka, huna neno na mkono wangu, wala na mkono wa huyu.”

Shangazi Euphemia alikitazama kikombe. Alimtazama yule nyuki. Alikuwa mwanamke mwenye maringo kupita kiasi, lakini alizaliwa katika ukoo wa watu wa vyombo, na watu wa vyombo wana jambo moja ambalo hawawezi kulifanya hata ukiwawekea bunduki: kukiita kizuri kibaya. Alikunja midomo, akaikunjua. Kisha akakiweka kikombe juu ya kisahani chake, kwa uangalifu.

“Nimiminie chai,” alisema. “Na mtu aikate hiyo keki.”

Ellis ndiye aliyecheka kwanza. Bi. Lavinia hakumimina chai wala hakukata keki. Aliizunguka meza, akaiokota pete kutoka kwenye kitambaa, akaipangusa kwa aproni yake. Akasimama mbele ya Thirza.

“Wewe uliweka sharti,” alisema. “Nililisikia nikiwa nyuma ya mlango. Kuta za nyumba hii ni nyembamba kama kauri yake.” “Mimi niliolewa kwa kujipenyeza. Nilipewa jina zuri, nyumba nzuri, mume aliyenipenda, na kila siku nikaingia kwenye sebule hii kama mgeni. Sitaki upitie huko. Thirza Clewlow, naomba uolewe na mwanangu. Karibu nyumbani kwangu. Na jina lako uje nalo, na mji wako, na huo ulimi wako pia, maana Euphemia amekosa mtu wa kugombana naye.”

“Nipo hapa nasikia,” alisema Shangazi Euphemia, mdomo umejaa keki.

“Nakubali, Mama,” alisema Thirza, na machozi aliyokuwa ameyawekea mpango wa kufika Krismasi yakamtoka yote kwa pamoja. Ellis aliichukua pete kutoka kwa mama yake. Safari hii kidole hakikuleta ubishi. Alimbusu mbele ya shangazi yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika sebule ile tangu ijengwe, na inasemekana rangi ya ukutani ilibabuka.

Baadaye, wakiosha vyombo jikoni, Bi. Lavinia aliuliza bila kugeuka, “Bado wanawavisha maharusi pale kiwandani?”

“Bado. Mapazia ya zamani, maua ya karatasi, vigae vilivyotungwa kama kengele. Wanakupandisha kwenye mkokoteni wa vyombo na kukuzungusha mji mzima.”

“Mimi sikuvishwa. Niliondoka Ijumaa jioni kama mtu anayekwenda kununua mkate. Niliwasikia wenzangu wakiimba dirishani, hawajui. Niliwapita.” Alikausha kikombe, akakiweka. “Hilo tu ndilo ambalo Reuben hakuweza kunipa.”

Jumatatu asubuhi Thirza alizungumza na msimamizi wa chumba cha rangi, na msimamizi, mwanamke wa miaka sabini ambaye hajalia tangu Malkia Victoria afariki, alilazimika kukaa chini.

Jumamosi mchana, king’ora cha kiwanda kilipolia, wasichana arobaini walimtoa Thirza nje amefungwa mapazia na maua ya karatasi, uso umepakwa rangi za aina saba. Bi. Lavinia alikuwa amesimama langoni katika kofia yake nzuri, amealikwa aje kutazama. Msimamizi alimwendea. Hawakuwa wameonana kwa miaka thelathini na mmoja.

“Lavinia Machin,” alisema. “Umechelewa kurudi Jumatatu.”

Kabla mama huyo hajajibu, wasichana walimzunguka. Kofia nzuri ilipotea chini ya waridi za karatasi, pazia lenye tundu likafungwa mabegani, mtu akampaka buluu puani. Alikataa kwa maneno na kukubali kwa miguu. Wakamnyanyua, wakamketisha kwenye mkokoteni kando ya Thirza, na Ellis akashika mpini wa mbele.

Mkokoteni uliteremka barabara ya soko, vigae vinalia, masufuria yanagongwa, watu wanatoka madukani na aproni zao. Mzee mmoja muuza mikate ya shayiri aliuacha moto wake akaja mpaka ukingoni.

“Bata,” aliita, “bibi harusi ni yupi hapo?”

“Huyu ni wa Jumamosi ijayo,” alijibu Bi. Lavinia kutoka juu, kwa sauti ya Burslem, kubwa, isiyo na kifungo. “Mimi nilikuwa wa miaka thelathini na mmoja iliyopita. Foleni ilikuwa ndefu.”